Mwenzako Akinyolewa: Lugha na Haki katika Kiti cha Kinyozi

Wahenga walinena kuwa mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo: balaa lililomfika jirani huenda likamfika msikilizaji naye, basi na ajiandae. Hata hivyo, ni wachache wanaozingatia kwamba methali yenyewe haimshauri mtu aukimbie wembe, wala haimshauri amwulize kinyozi ananuia kufanya nini. Humtaka alowanishe kichwa na kuingojea zamu yake. Ni hekima ya kustahimili.

Katika vibanda vya vinyozi na saluni za Kawangware 56, jijini Nairobi, hekima hiyo imefuatwa kwa utiifu kupita kiasi. Mteja huketi, hufungwa shuka shingoni, hunyolewa asivyotaka, huonyeshwa kisogo chake kwa kioo cha mkononi na kuulizwa kama ameridhika. Hujibu, "Iko sawa, fundi." Hulipa. Kisha hushika njia ya vichochoroni akiwa amevaa kofia wakati wa jua kali, na kinyozi yule hamwoni tena.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kimya hicho si uungwana. Kinamdhuru mteja, kinamdhuru kinyozi, na mara nyingine kinamdhuru mtu wa tatu ambaye hakuwapo. Dawa yake haiko katika ugomvi wala katika kunyima malipo, bali katika mambo mawili: lugha yenye kipimo kabla ya kazi kuanza, na ujasiri wa kusema kweli kwa upole kabla ya kuinuka kitini.

Nywele na Heshima ya Mtu

Kuna watakaosema kuwa suala hili ni dogo mno kujadiliwa katika jarida la wasomi. Nywele huota, watasema, na kilichokatwa leo kitarudi. Jibu ni kwamba jamii za Afrika Mashariki hazijawahi kuziona nywele kuwa kitu cha kupuuzwa. Waislamu wa pwani humnyoa mtoto mchanga siku ya saba na kumfanyia akika. Miongoni mwa Waluhya, ambao ni wengi katika mitaa ya Kawangware, kunyoa baada ya mazishi ni sehemu ya desturi za kuomboleza na kuagana na marehemu. Waswahili wenyewe wana msuko uitwao twende kilioni, ambao jina lake linatosha kueleza haraka ya mwenye kuusuka na mahali anapoelekea.

Historia ya Kenya nayo imeandikwa vichwani. Wapiganaji wa Mau Mau waliziachilia nywele zao zisokotane msituni, na kwa miaka mingi baadaye nywele hizo zilikuwa ushahidi wa yaliyotendeka. Muthoni wa Kirima, aliyekuwa kiongozi wa kijeshi katika vita hivyo, alizitunza zake kwa takribani miaka 70. Zilipokatwa huko Nyeri mwezi wa Aprili 2022, aliyeshika makasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta, na tukio hilo lilitangazwa nchini kote. Muthoni alifariki mwaka 2023. Hakuna aliyesema siku ile kwamba hizo zilikuwa nywele tu.

Karibu zaidi na Kawangware, mtaani Kibera, mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika Shule ya Upili ya Olympic alirudishwa nyumbani Januari 2019 kwa sababu ya nywele zake za kirasta. Kesi ilifika katika Mahakama Kuu, na mnamo Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba mtoto huyo arejeshwe darasani, kwa kuwa imani yake ya Kirastafari inalindwa na Katiba. Ikiwa kichwa cha mtoto mmoja wa Kibera kinaweza kuzungumziwa na Mahakama Kuu, basi kichwa cha mteja wa Kawangware kinastahili angalau dakika mbili za mazungumzo kabla ya mashine kuwashwa.

Zaidi ya hayo, mtu wa kipato kidogo ndiye anayeumia zaidi anaponyolewa vibaya. Chukua mfano wa kijana wa Gatina aliyeitwa kwa mahojiano ya kazi ya ulinzi huko Lavington, mtaa wa matajiri uliopakana na Kawangware. Hana suti ya kubadilisha, hana saa ya bei wala gari la kushukia langoni. Alicho nacho ni shati lililopigwa pasi na kichwa kilichonyolewa vizuri. Hicho kichwa ndicho barua yake ya kwanza. Kikiharibiwa Jumapili jioni, nywele hazitaota kufikia Jumatatu asubuhi.

Neno "Kidogo" na Madhara Yake

Chanzo cha kwanza cha kunyolewa vibaya aghalabu si wembe, ni lugha. Kinyozi huuliza, "Tunafanya nini leo, mkubwa?" Mteja hujibu, "Nipunguzie kidogo." Katika jibu hilo hamna kipimo hata kimoja. Kidogo cha mteja ni upana wa kucha. Kidogo cha kinyozi ni kinachobaki baada ya mashine kupita mara tatu. Wote wawili wamesema Kiswahili, wote wamesikizana, na hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Tatizo huanzia kwenye kitenzi. Kiswahili sanifu hutenganisha kunyoa, yaani kuondoa nywele zote hadi kwenye ngozi, na kukata au kupunguza, yaani kuzifupisha zikabaki. Katika mitaa ya Nairobi mipaka hiyo imefutika. Kunyoa kumekuwa jina la kila linalofanyika katika kiti cha kinyozi, hata mahali pa kazi penyewe pakaitwa kinyozi. Mteja anayesema "ninyoe" huenda ametamka hukumu ambayo hakuikusudia, na fundi anayemwachia kipara hawezi kulaumiwa na kamusi.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakazi wa Kawangware ni mabingwa wa kutaja nambari. Vituo vyao vyenyewe hujulikana kwa nambari: kuna hamsini na sita, na kuna arobaini na sita. Hakuna abiria anayepanda gari katikati ya jiji akamwambia kondakta, "Nipeleke mbali kidogo." Angefanya hivyo angejikuta asikokujua. Lakini abiria huyo huyo anaposhuka na kuingia kwa kinyozi, huukabidhi utosi wake kwa neno lile ambalo asingelikabidhi nauli yake.

Nambari zipo hata katika kazi ya kinyozi. Mashine ya umeme huja na vichana vya plastiki vinavyopachikwa juu ya meno yake, na kila kichana kina nambari. Nambari 1 huacha nywele zenye urefu wa takribani milimita 3. Nambari 2 huacha milimita 6. Nambari 4 huacha karibu milimita 13. Mteja anayejua kuwa anapenda nambari 2 juu na nambari 1 pembeni amekwisha kujikinga na nusu ya maafa yote. Asiyejua anaweza kuuliza, na fundi mwema atampitishia kichana kikubwa kwanza, kwa maana ya kuwa zilizobaki zinaweza kupunguzwa, ilhali zilizokatwa haziungwi.

Maneno ya sehemu za kichwa nayo hayapungui. Kuna paji la uso, ambapo mstari wa mbele huchorwa. Kuna panja, zile pembe mbili zilizoingia kichwani juu ya paji, ambazo fundi asiye makini huzipanua akidhani anazinyoosha. Kuna utosi, kisogo, na ukosi ulio chini ya kisogo. Kuna sharafa, zile nywele zinazoteremka mbele ya masikio. Kuna denge, mtindo wa kunyoa pembeni na kuacha nywele utosini, ambao vijana wa leo huuona kuwa uvumbuzi mpya kutoka ng'ambo ilhali jina lake la Kiswahili lilikuwapo kabla ya baba zao kuzaliwa. Anayesema, "Fundi, panja usiziguse, sharafa zifikie katikati ya sikio, kisogoni tumia nambari 1," amezungumza kwa ufasaha ambao hakuna anayeweza kuupotosha.

Baadhi ya wateja hudhani kwamba picha zilizobandikwa ukutani zitawasemea. Hunyoosha kidole na kusema, "Kama huyu." Picha haisemi kwamba kichwa kilichopigwa kina umbo jingine, nywele zake ni za aina nyingine, na huenda ziliachwa zikaota kwa miezi kadhaa kabla ya siku ile. Picha ni mwanzo wa mazungumzo, haiwezi kuwa badala yake.

Upande wa Kinyozi

Haitakuwa haki kumlaumu kinyozi bila kuitazama kazi yake. Mara nyingi anayenyoa si mwenye kiti. Mashine, kioo, kodi ya kibanda na umeme ni vya mwingine, naye hulipwa sehemu ya kila kichwa anachokimaliza. Mpango huo humfundisha jambo moja: haraka. Vichwa vingi ndivyo chakula cha jioni. Mteja anayetaka kujadili panja zake kwa dakika kumi siku ya Jumamosi, benchi likiwa limejaa, anagharimu fedha hata kabla hajaguswa.

Umeme nao una mchezo wake. Hakuna mkazi wa mitaa hiyo asiyejua kisa cha mtu aliyenyolewa upande mmoja, stima zikapotea, akabaki akingoja kama mkutano ulioahirishwa. Giza lililoifunika karibu nchi nzima usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 liliwakumba wengi wakiwa katika shughuli za mwisho wa juma, na vinyozi hawakusazwa. Kosa la aina hiyo si la fundi. Mwenye busara huuliza kwanza kama kuna mashine ya betri.

Halafu kuna suala la mafunzo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda ina mitihani ya ufundi inayohusu utengenezaji wa nywele, na vyuo vya kiufundi hufundisha kazi hiyo. Hata hivyo, wengi walio mitaani walijifunza kwa kumtazama mtu mwingine. Mwanagenzi hufagia nywele sakafuni, hushika shuka, hutazama, kisha siku moja hupewa mashine. Je, huanzia kichwa cha nani? Aghalabu huanzia kichwa cha mtoto. Mtoto hulipiwa bei ya chini, haulizwi kama ameridhika, na mama yake amempeleka kwa sababu shule imetaka nywele fupi. Hivyo ndivyo watoto wa Kawangware wanavyokuwa vitabu vya mazoezi vya wanagenzi. Mzazi anayenyamaza huku mstari ukienda mrama juu ya masikio ya mwanawe anampa mwanagenzi alama za kupita bila ya mtihani.

Hapa ndipo kimya cha mteja kinapomdhuru kinyozi mwenyewe. Fundi asiyeambiwa kosa lake hulirudia. Mteja aliyeondoka na kofia hakumsamehe. Amemhukumu bila ya kumsomea mashtaka. Akipoteza wateja watano kwa namna hiyo, atadhani kuwa hali ya uchumi ni mbaya, au kwamba kibanda cha jirani kimefanya uchawi, kumbe tatizo ni mkono wake wa kushoto unaoshuka kuliko wa kulia. Kumnyima mtu ukweli unaoweza kumnusuru, kisha kuuita ukimya huo adabu, ni kulitumia neno adabu vibaya.

Kosa la Umbo na Kosa la Mwili

Ili mteja ajue la kufanya, hana budi kutenganisha makosa mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kosa la umbo: upande mmoja umepanda, mstari umepinda, nywele zimefupishwa kupita makubaliano. La pili ni kosa la mwili: ngozi imechanika, imeungua au imeambukizwa.

Kosa la umbo lina dawa ya papo hapo na dawa ya muda. Dawa ya papo hapo ni kusema kabla shuka halijafunguliwa: "Fundi, upande wa kulia umeshuka kuliko wa kushoto, tafadhali usawazishe." Sentensi hiyo haina tusi. Inataja mahali, inataja kasoro, na inaomba jambo linalowezekana. Lakini masahihisho yafanywe mara moja tu. Fundi anayekimbiza usawa huuchonga upande huu, kisha ule, kisha huu tena, na kila anaposawazisha paji hurudi nyuma hadi mteja akaonekana kama aliyezeeka akiwa kitini. Sahihisho la kwanza likishindwa, ni heri kuteremsha nywele zote kwa nambari moja fupi, zikawa sawa.

Dawa ya muda ni hesabu. Nywele za kichwani huota kwa wastani wa zaidi kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi. Aliyetaka nambari 2 akaachiwa kipara atairejesha milimita 6 yake baada ya takribani wiki mbili au zaidi kidogo. Aliyetaka nambari 4 atahitaji kama mwezi mzima. Yale yasemwayo kwamba kunyoa mara kwa mara hufanya nywele ziote upesi au ziwe nene hayana msingi, kwa sababu sehemu inayokatwa haina uhai; kinachootesha ni mzizi ulio ndani ya ngozi, nao haujui kilichotendeka juu. Mwenye haraka hana la kumrahisishia zaidi ya subira.

Kosa la mwili ni jambo jingine kabisa, na hapo subira huwa hatari. Mashine isiyosafishwa inaweza kuhamisha mapunye kutoka kichwa kimoja hadi kingine, hasa vichwa vya watoto. Mapunye hayo huhitaji dawa ya kumezwa inayotolewa na mhudumu wa afya, kwa kuwa mafuta ya kupaka hayaufikii mzizi wa unywele. Kunyoa kisogo hadi kwenye ngozi kabisa, tena na tena, kunaweza kuanzisha vipele vinavyogeuka kuwa makovu magumu ya kudumu, na wanaume wenye nywele za kipilipili ndio wanaoathirika zaidi. Anayeviona vipele hivyo aache kunyoa kwa karibu na aende kliniki mapema. Kutafuta kinyozi mwenye wembe mkali zaidi ni kuyaongeza.

Linaloogopesha zaidi ni damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili wa binadamu kwa muda wa siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza. Watoto wachanga nchini Kenya walianza kupewa chanjo yake katika ratiba ya kawaida mwaka 2001, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kupitisha pamba yenye spiriti mara moja juu ya meno ya mashine yaliyojaa nywele na mafuta si usafi, ni ishara ya usafi. Nywele na mafuta hutolewa kwanza kwa brashi, ndipo spiriti iguse chuma na kuachwa ikauke. Wembe uwe mpya, nao ufunguliwe mbele ya macho ya mteja. Hapa mteja anayenyamaza hajinyamazii peke yake. Anawanyamazia wote watakaokalia kiti hicho baada yake.

Kwa upande wa saluni za akina mama, hatari kubwa iko katika dawa za kulainisha nywele. Nyingi zina kemikali kali za jamii ya magadi makali, na zikiachwa kupita muda au zikigusa ngozi iliyokwaruzwa, huunguza. Mteja anayehisi moto kichwani hapaswi kuambiwa, "Vumilia dada, urembo una gharama." Anapaswa kuoshwa mara moja kwa maji mengi, na ikiwa ngozi imechubuka au imetoa malengelenge, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo, msuko unaovuta ngozi hadi nyusi zikainuka si ishara ya kazi safi. Ukirudiwa kwa miaka, huzing'oa nywele za pembeni mwa paji, na hatimaye mizizi hufa zisiote tena. Mwambie msusi alegeze mkono leo, au ununue vilemba kesho.

Sheria Inasemaje?

Wengi hudhani kuwa haki za mteja ni za wanunuzi wa magari na majumba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, humpa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidi huduma hizo, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Ibara hiyo haikutaja bei. Inamhusu aliyelipa shilingi mia moja kama inavyomhusu aliyelipa mamilioni. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 iliuongezea msingi huo nguvu.

Kwa madhara mazito ya mwili, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mnamo Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya fidia ya majeraha, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Mlalamishi anaweza kufika mwenyewe bila ya wakili. Aliyeunguzwa kichwa kwa dawa akalazimika kutibiwa ana njia ya kufuata, mradi ahifadhi picha, risiti na cheti cha hospitali.

Lakini ni lazima isemwe waziwazi kwamba kumpeleka mahakamani kinyozi kwa sababu ya mstari uliopinda ni kumwinda mbu kwa rungu. Kosa la umbo linataka masahihisho. Kosa la mwili linataka matibabu, na gharama yake ibebwe na aliyelisababisha, mwenye kibanda akiwa wa kwanza kuulizwa kwa kuwa ndiye mwenye mashine na ndiye anayeamua kama spiriti itanunuliwa. Kumnyima malipo kijana aliyeajiriwa ni kumwadhibu mtu asiye na mamlaka. Kumpiga picha na kumsambaza katika simu za watu wote ni kumnyang'anya riziki kwa kosa la milimita 3. Masikini wawili wakidhulumiana, anayefaidika hayupo Kawangware.

Wajibu wa Wanafunzi wa Kiswahili

Je, haya yote yanawahusu vipi wanafunzi wa Kiswahili vyuoni? Yanawahusu kwa sababu lugha inayosifiwa katika makongamano kuwa inajitosheleza huonekana haitoshi inapofika katika kiti cha kinyozi. Ukweli ni kwamba inatosha. Kilichopungua ni mawasiliano kati ya walio na kamusi na walio na mashine. Msomi anajua sharafa na ukosi ila hanyoi. Kinyozi ananyoa na amebuni istilahi zake za kila siku, ambazo hakuna aliyejitahidi kuziandika. Vyama vya Kiswahili vingefanya jambo la maana iwapo wanachama wake wangetenga alasiri chache kuzunguka katika vibanda vya Kawangware, Kibera na kwingineko, wakiwa na kalamu na daftari, ili kuyakusanya maneno ya kazi hiyo na kuyalinganisha na yaliyo kamusini.

Matunda ya zoezi hilo yasibaki katika rafu za maktaba. Ichapishwe karatasi moja kubwa ya kubandikwa ukutani, yenye mchoro wa kichwa kutoka mbele, kando na nyuma, kila sehemu ikitajwa kwa jina lake, na nambari za vichana zikiandikwa pamoja na urefu wa nywele zinazobaki. Chini yake yaandikwe maagizo matatu ya usafi: wembe mpya kwa kila kichwa, mashine isafishwe kabla ya kila mteja, kidonda kisinyolewe. Karatasi hiyo ingefaa kukaa kando ya zile picha za vichwa vya ng'ambo. Mteja angenyoosha kidole penye jina na nambari, na fundi angejua anachotakiwa kutenda. Mama aliyemleta mtoto angekuwa na cha kumwonyesha mwanagenzi.

Kinyozi naye ana sehemu yake. Aulize maswali mawili kabla ya kuwasha mashine: nambari ngapi, na mahali gani pasiguswe. Ayarudie majibu kwa sauti, kama mhudumu wa hoteli anavyorudia alichoagizwa. Hayo hayachukui hata dakika moja, na yatampunguzia wateja wanaoondoka kimya wasirudi.

Methali ya wahenga itaendelea kufundishwa, na haina haja ya kufutwa. Wembe ukiwa ni wa njaa au wa maradhi, huenda kutia maji ndilo jambo pekee linalowezekana. Lakini wembe wa kinyozi si majaliwa ya Mungu. Umeshikwa na mkono wa mtu anayesikia, anayeelewa Kiswahili, na anayehitaji mteja wake arudi. Basi mwenye kichwa aseme anachotaka kabla mashine haijawashwa, ataje nambari na mahali. Na pakitokea kosa, alitaje palepale kwa upole, angali kitini.